Matofali ya Matanga

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba alianguka kutoka juu ya paa la jirani alilokuwa akiliezeka kule Iguhu, na hakuamka tena. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto mkubwa. Shule yangu ikaishia darasa la tatu. Niliingia Kakamega kwa miguu, nimevaa shati la baba linalonifika magotini, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kukanyaga udongo. Sikuuliza ni udongo wa nini. Mwenye njaa hana muda wa maswali kama hayo.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopanga huku Tanuru. Nayajua mnayosema asubuhi pale mferejini mkidhani mzee hasikii. Mnauliza kwa nini Kukhu, bibi yule wa chumba cha kwanza, halipi kodi, ilhali nyinyi mkichelewa kidogo nawabishia mlango kama askari. Mnacheka pia kwamba akimwona mtu anawasha jiko humuuliza moshi una rangi gani. Brayo wa boda boda peke yake ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuniuliza usoni. Nikamweleza yote, akaenda kuyatangaza mtaani, na ameyaharibu. Kwa masimulizi yake mimi niliiba kuni za maiti. Basi nimeamua kuandika mwenyewe. Mjukuu wangu atanirekebishia herufi tu, maneno asiyaguse.

Kwanza mjue mnalala wapi. Mteremko huu, kutoka barabarani mpaka karibu na mto Isiukhu, ulikuwa miwa na mapera. Mtu wa mjini hakushuka huku ila awe anatafuta mbuzi aliyepotea. Kilichouleta mtaa ni udongo. Juu ni mwekundu kama kwingine, lakini ukichimba mpaka kiunoni unakutana na ule wa kijivu unaoshika mguu usitoke. Huo ukichanganywa na udongo wa kichuguu unatoa tofali ambalo mvua italipiga mpaka mvua yenyewe ichoke. Wachomaji matofali ndio waliotangulia, ndiyo maana mtaa unaitwa Tanuru. Nyuma yao wakaja akina mama wa kutuuzia uji na obusuma, ugali wetu. Akaja Hamisi kutoka Mumias akafungua duka la mafuta ya taa, akawa anatuamkia kwa salaam aleikum hata siku tulizonuka pombe ya chang'aa, naye akijua kabisa tumenuka nini. Mwishoni ndipo wakaja wapangaji, walimu na makarani, na sasa nyinyi wa chuo kikuu na masufuria yenu mapya.

Pale lilipo kanisa la mabati ya buluu palikuwa shimo letu kubwa kuliko yote. Nilimwambia mchungaji kwamba shimo likijazwa taka na kusawazishwa juu bado ni shimo. Akanijibu kwamba nyumba ya Bwana hujengwa juu ya mwamba. Leo ukuta wake wa nyuma una ufa unaopitisha paka, na kila Jumapili wanauombea.

Nikitembea huku sisomi namba za milango. Nasoma matofali. Lenye rangi ya chungwa hafifu lilikaa pembeni mwa tanuru, moto haukulifikia vizuri, na mwenye nyumba hiyo alinunua kwa haraka. Lile jeusi lililopinda kidogo lilikaa mdomoni kabisa, palipo na moto mkali. Nyekundu iliyokolea ndiyo ya katikati. Ukitaka kujua kama limeiva, gonganisha mawili. Likilia kama kengele, jenga. Likilia kama mbao, rudisha.

Hayo nilifundishwa na Mzee Alusa. Alikuwa mtu mfupi, jicho moja likitoka machozi daima kwa sababu ya moshi, na mdomoni hakukosa kipande cha muwa. Yeye pia alikuwa wa Iguhu, na nadhani ndiyo sababu alinichukua nilipofika na shati lile. Hakuwahi kumwambia mtu amefanya vizuri. Ukifanya vizuri anatema makapi ya muwa anaondoka. Siku ya kwanza alinipa donge la udongo nilivingirishe kiganjani mpaka liwe kama mnyoo, kisha nilikunje. Likivunjika, akasema, mchanga umezidi. Liking'ang'ania mkono, mfinyanzi umezidi, na tofali hilo litapasuka likikauka. "Tafuta wa katikati," akaniambia, "kama anayetafuta mke." Mama Rasoa, mke wake, alikuwa pembeni akifunika matofali mabichi kwa nyasi ili jua lisiyakaushe kwa ghafla. Akamjibu bila kuinua kichwa kwamba wengine walitafuta wa katikati na wakaishia na mchanga mtupu. Alusa akatema makapi, akaondoka.

Niwaambie na kosa langu, kwa sababu linaingia kwenye kisa hiki. Tanuru la kwanza nililopewa kusimamia, nililifungua mapema. Kuni zilikuwa zimeisha, udongo wa nje umekauka, nikaona nimngoje nani. Nikabomoa upande mmoja. Upepo wa asubuhi ukaingia, na matofali yakaanza kupasuka ndani, pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria. Alusa alisimama akitafuna muwa mpaka mlio ulipokoma. Kisha akaniambia nibebe vipande vyote nikazibe mashimo ya barabara, angalau magari yafaidike na haraka yangu. Tofali lina joto lake la ndani ambalo hulioni. Nje unashika kwa mkono, ndani bado ni moto. Mpaka leo watu wakinisukuma niharakishe jambo nayasikia yale matofali.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Tanuru likishawashwa ni ng'ombe anayezaa. Huendi popote."

Sasa njooni kwenye kiwanja. Mteremko huu wote ulikuwa wa Mama Ayuma, mjane mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Nilipofika umri wa kuoa nilimfyatulia na kumchomea matofali ya nyumba yake nzima, na badala ya malipo tukakubaliana anikatie kipande cha ardhi. Lakini aliweka sharti. Hakutaka mabanda. Alisema mbele ya wazee wake kwamba nikisimamisha nyumba ya tofali lililoiva kabla ya mvua za Machi, ananiandikia. Nisiposimamisha, kipande kinarudi kwake, na mimi nirudi nilikotoka na udongo wangu. Watu walicheka. Mvulana wa darasa la tatu kumiliki kiwanja mjini ilikuwa hadithi ya kuwachekesha watu kilabuni.

Nilianza kufyatua mvua fupi zilipoisha. Nilifanya kazi ya watu mchana na yangu jioni. Miti ya blugamu ya kuni nilipata kwa mkulima mmoja upande wa Isecheno aliyehitaji matofali ya zizi. Nilikata mwenyewe nikapasua mwenyewe. Kufikia Februari mwanzoni tanuru langu lilikuwa limepangwa, limekandikwa udongo nje, na kuni zimekaa kando zimekauka vizuri. Ilikuwa ni nafasi moja tu. Matofali yale yakiharibika, hakuna muda wa kufyatua mengine na kuyakausha kabla ya mvua.

Niliwasha alfajiri. Alusa alikuwa mgonjwa wa kifua siku hizo, lakini alishuka na fimbo yake, akainama kwenye kila mdomo wa tanuru kuangalia moto, akanifanya nizibe mahali pamoja palipovuta hewa vibaya. Halafu akatema makapi akapanda zake. Niliona nimepewa cheti.

Mchana, kabla jua halijaanza kuinama, nikasikia Mama Rasoa akipiga mayowe. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya mlango na hakuitikia alipoitwa chakula.

Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui. Mwanamume wa umri ule akifa kwetu, moto huwashwa uani pake na hauzimwi mpaka azikwe. Kila mtu analeta kuni. Na maiti akiwa bado juu ya ardhi hakuna anayechimba wala kufanya kazi ya udongo, iwe shambani au wapi. Huku Tanuru tulikuwa mchanganyiko wa watu, lakini hilo tulilishika wote, na Hamisi alifunga duka. Aliyesimamia matanga yote ya mtaa alikuwa Makokha, fundi wa baiskeli, mtu aliyependa kuamrisha. Alishuka kwangu na wanaume wengine nyuma yake.

"Zima," akasema.

Nikamweleza kwamba tanuru halizimwi kama sigara. Moshi ulikuwa bado mweupe, maana yake ni maji yanayotoka kwenye tofali. Ukizima wakati huo unabaki na kitu ambacho si udongo tena na si tofali bado, hakifai kujengea wala kupandia viazi.

"Mwalimu wako amelala pale amefunikwa shuka," Makokha akasema, "na wewe huku unachoma nyumba yako. Wewe nani alikuzaa?"

"Kuni chukueni," nikamwambia. "Moto siuzimi."

Wakachukua. Walichagua magogo makubwa, yale ya kushika moto kwa muda mrefu, wakaniachia matawi. Sikulalamika. Kuni za Mzee Alusa zingetoka wapi kama si kwangu? Lakini nilijua nilichobaki nacho hakifiki. Usiku ule niliwasikia wakiimba kule juu na ngoma ya isukuti ikipigwa, na mimi nikiwa chini nalisha moto matawi kwa ubahili. Nililia pia. Uzuri wa kazi hii ni kwamba macho mekundu hayaulizwi.

Asubuhi gari la kupeleka mwili Iguhu lilikuwa limefika. Moto wangu ulikuwa umeanza kurudi nyuma. Nikapanda mpaka pale uani na nikayaona magogo yangu, mengi hayajaguswa, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeleta kuni. Na hapo ndipo penye mwiko. Kuni za matanga hazirudi. Anayezirudisha kwake amebeba matanga kuyapeleka nyumbani mwake. Huachwa hapo mpaka ziishe zenyewe au zioze.

Niliingia bila shati, mweusi kwa masizi. Watu wakanipisha.

"Umekuja kuzika au umekuja kwa kuni?" Makokha akauliza, na nadhani alikuwa anatania.

Nikampita. Mama Rasoa alikuwa ameketi mkekani kando ya jeneza, binti yake Rasoa amemwegemea. Nikachutama mbele yake nikamwambia moja kwa moja kwamba moto unakufa na naomba magogo yarudi. Nyuma yangu watu walifyonya. Mwanamke mmoja akasema huyu ametumwa.

Mama Rasoa alikuwa amefunika matofali kwa nyasi maisha yake yote ya ndoa. Akaniuliza swali moja tu.

"Moshi una rangi gani?"

"Bado una weupe, Mama."

"Beba," akasema.

Makokha akaingilia. "Shemeji, hizi ni kuni za matanga. Unajua mwenyewe."

"Ng'ombe wake anazaa," Mama Rasoa akamjibu. "Alusa angekuwa na miguu sasa hivi angekuwa kule chini, hangekuwa hapa na sisi. Nyinyi bebeni sanduku twende. Na wewe beba kuni."

Nikabeba. Hakuna aliyenisaidia. Makokha alinifuata mpaka njiani akaniambia polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema nijenge nikipenda, lakini katika nyumba hiyo hakuna mtu atakayelala. Hata panya.

Sikwenda kumzika Mzee Alusa. Semeni hivyo, msiseme kama Brayo kwamba nilikwenda kisirisiri. Nilikuwa mdomoni mwa tanuru langu mpaka moshi ukaisha ukabaki ule mtetemo wa joto usio na rangi, nikaziba kila mdomo kwa udongo, nikakaa. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa msitu. Mama Ayuma alituma mtu kuniuliza kama nimekumbuka sharti. Sikufungua. Nilishazibia barabara mashimo mara moja, sikuwa na hamu ya kuzibia tena. Nilipofungua, nilichukua mawili ya katikati nikayagonganisha, na yakalia.

Yale mazuri kuliko yote niliyapakia kwenye mkokoteni wa kuazima, nikausukuma mpaka Iguhu. Ndugu za Alusa hawakunisalimia, lakini waliniacha nizungushie kaburi. Nilipomaliza, mmoja wao aliniletea maji ya kunywa.

Nyumba ilisimama kabla ya mvua. Vyumba vinne, mstari mmoja. Mama Ayuma alikuja akagonga ukuta kwa fimbo yake, akasikiliza kama daktari, na akaniandikia. Nikawa mwenye kiwanja. Lakini neno la Makokha lilikuwa limeshashuka mtaa mzima. Waliziita kuta zangu matofali ya matanga. Wapangaji walikuja, wakaangalia, wakasikia, wakaondoka. Matofali yaliyobaki hayakupata mnunuzi hata kwa bei ya kutupa. Kulikuwa na msichana wa Matungu, tulikuwa tumeshaelewana. Mjomba wake alituma ujumbe kwamba hawapeleki binti yao kulala ndani ya msiba. Mimi mwenyewe nililala humo, lakini hawakunihesabu. Kwao mtu asiyemzika mwalimu wake alikuwa amekwisha kufa.

Nilikaa hivyo mvua ikinyesha wiki baada ya wiki. Nilikuwa na ardhi, nyumba na karatasi, na nilianza kufikiri kumwuzia yeyote nirudi Iguhu kupanda mboga na mama.

Mama Rasoa alirudi kutoka kwenye maombolezo siku ya soko. Alichagua siku hiyo makusudi, nina hakika, kwa sababu njia ilikuwa imejaa watu. Alishuka na mkeka kichwani, jiko mkononi, Rasoa nyuma na sufuria. Alipita mbele ya kibanda cha Makokha cha baiskeli na akamwamkia vizuri. Akafika kwangu akaniambia nimpe chumba.

"Mama, unajua wanavyosema," nikamwambia.

"Kuni zilikuwa za mume wangu," akajibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kama amebaki humu ndani, mimi ndiye nitakayemsikia akikohoa. Kiko wapi chumba?"

Akaingia hiki cha kwanza, alimo mpaka leo. Akauliza kodi. Nikamwambia asinitukane.

Alipika kunde jioni hiyo mlangoni, akawaita watoto waliokuwa wanachungulia, wakala. Asubuhi wote walikuwa hai. Na asubuhi iliyofuata. Kabla mvua hazijaisha, ukuta wa udongo wa nyumba ya Makokha ulilainika ukalala chini, akaja kwangu na mke na watoto, maji yakimchuruzika kwenye kofia, kuomba chumba cha pili. Mama Rasoa alikuwa mlangoni anachambua mboga. Alimuuliza tu kama angependa chai.

Nilimpa chumba. Yeye nilimlipisha.

Baada ya hapo matofali yalitoka. Nimejenga nusu ya mtaa huu, na hata yule mjomba wa Matungu mwishowe alikuja kunitembelea akiwa mgeni wangu na mkwe wangu, akala ingokho nzima, kuku wa kumpa mgeni heshima. Siku hizi tanuru limelala. Miti ni ghali na haipaswi kuisha, na kuna mashine inayobana tofali la simenti bila moto. Ni zuri, nimeligonga, halilii lakini linabeba. Sina ugomvi nalo. Nyinyi mnaolifanya, lifunikeni likikauka, msidanganyike na jua.

Mwezi uliopita alikuja kijana mwenye tai na ramani ya ghorofa. Alizungumza vizuri. Alisema uwanja wote lazima uwe wazi. Nikamuuliza kuhusu chumba cha kwanza. Akasema yule mama atatafutiwa mahali. Nikamwonyesha njia inayopanda barabarani, na nikamwambia aangalie asiteleze.

Basi Brayo, na wenzako, mali yangu ndiyo hii. Kiwanja hiki na karatasi yake. Vyumba tisa nilivyoongeza nyuma. Shamba dogo Iguhu, ng'ombe wawili na mtamba. Kibao cha kufyatulia cha Mzee Alusa, kimepasuka pembe moja. Mke yule yule wa Matungu. Watoto watano waliosoma kunipita. Kifua kinachopiga filimbi kukiwa na baridi.

Na katika vile vyumba vinne vya mbele, kuanzia cha pili.